Mafiga Yalipobaki Mawili

Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, siku ya Alhamisi, Daktari wa kundi letu la hisabati alifuta amri moja katika programu niliyoiandika mimi, akaiendesha upya, akasubiri, kisha akaniita kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Papa, kuja uone. Hii namba iko inashuka."

Saa naikumbuka kwa sababu ilikuwa kwenye kona ya kioo cha kompyuta, na macho yangu yalikimbilia kona hiyo kabla ya kuthubutu kuitazama namba yenyewe. Namba ilipaswa kuwa tatu. Kwa miezi mingi ilikuwa ikionyesha tatu. Sasa ilikuwa mbili nukta tisa nane, halafu mbili nukta tisa moja, halafu mbili nukta saba na kitu, ikiteremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka.

"Umegusa nini?" nikamuuliza.

"Niliondoa tu ile ya kukadiria. Nilitaka kuona desimali kwenye mustari wa mchoro."

Sisi wawili tulielewa mara moja. Watu wengine watatu wa kundi letu waliokuwa nje ya chumba kile hawakujua bado, na nakiri kwamba kwa dakika chache niliwaonea wivu.

Lazima nieleze namba ile ilikuwa nini. Chukua mkanda wa suruali, uusokote mara moja, kisha funga kifungo chake. Sasa jaribu kuuondoa msokoto bila kufungua kifungo. Utausogeza huku na huku, utaunyoosha hapa ujikunje pale, lakini hautatoka. Na ukihesabu misokoto utapata mmoja, au miwili, au mitatu. Hutapata mmoja na nusu. Solitoni za kitopolojia, ambazo kundi letu lilikuwa likizichunguza, ni misokoto ya namna hiyo, isipokuwa haimo katika mkanda bali katika kitu kilichotandazwa kila mahali, kama upepo ambao kila sehemu yake ina mwelekeo wake. Msokoto ukishaingia humo unajishikilia wenyewe, unatembea kama donge, unagongana na mwenzake. Sisi tulitangaza kwamba tumepata solitoni tatu zinazokaa pamoja kwa umbo la pembetatu, zimetulia, hazisogei. Profesa wetu aliziita amasiga kwa Kiganda, yale mawe matatu ya jikoni. Mimi na Daktari tuliita mafiga. Kwa nje ya chumba lilikuwa jina la mzaha, lakini humo ndani tulilitamka kama jina la mtoto.

Kompyuta haiwezi kushika upepo wote. Inashika mwelekeo kwenye vituo tu, vilivyopangwa kama matundu ya chekecheo. Donge likibaki kubwa kuliko tundu, hesabu ni salama. Likisinyaa, siku moja linapita kwenye tundu kama unga, na msokoto ambao nadharia inasema hauwezi kutoka, unatoka. Nadharia haijavunjika. Ni chekecheo tu. Lakini utajua limepita ikiwa tu unaitazama namba ile inavyoshuka, na sisi tulikuwa tumeikataza kuonekana ikishuka.

Namna tulivyoikataza ndiyo habari yenyewe.

Mimi si mtu wa chuo. Nililelewa kwenye kota za jeshi kule Mbuya, katika familia ya Kinubi ambayo wanaume wake walivaa sare tangu enzi za Mwingereza. Kiswahili kilikuwa lugha ya baba kazini, kikaja na buti zake hadi mezani. Katika mji huu wa Kampala bado kinanuka kambi na kituo cha polisi, na mtu akikisema vizuri watu hupapasa mifuko yao. Nilisoma hadi mwisho wa sekondari, nikafundishwa ufundi wa vipimo, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha sabuni huko chini ya Bugolobi kurekebisha mizani na vipimajoto. Hisabati nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na mihadhara niliyoipakua kwenye simu, sura kwa sura, sikuvuka zoezi bila kulifanya. Sikuwa na kipaji cha ajabu. Nilikuwa na utaratibu tu. Nilipofikia mahali ambapo hakuna mtu kiwandani wala nyumbani ningeweza kumwuliza swali, nilianza kuhudhuria semina ya wazi ya chuo, nikikaa nyuma. Siku moja mashine yao ya hesabu ilizimika katikati ya mada, nikaiwasha. Baada ya hapo nikawa naketi mbele.

Tulikuwa watano. Profesa, mtu mkarimu alipotaka, aliyerudi nyumbani kutoka ng'ambo akiwa na msaada wa fedha wa wafadhili wa huko. Daktari, mama wa Kikongo aliyekimbia vita akiwa na shahada yake ya juu ndani ya mfuko wa plastiki, akifundisha kwa mkataba wa muda. Wanafunzi wawili wa uzamivu: kijana mmoja mrefu sana, na binti mmoja aliyeandika kila kitu. Na mimi. Wanafunzi waliniita Mzee. Profesa aliniita Afande.

"Afande, ripoti!" angesema akiingia. "Majeshi yetu yamelala wapi leo?"

"Majeshi matatu, mkuu. Yamekaa pembetatu."

"Hakuna aliyetoroka?"

"Hakuna."

Kila mtu alicheka, nami nilicheka. Mzaha ule haukuniuma wakati ule. Ulikuwa mlango wa kuingilia.

Kundi letu lilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine. Mtu akiwa na dai, analiandika ubaoni kwa sentensi moja kamili. Wengine wanakaa kimya na kulisoma. Asiyeshawishika anasema neno moja: "Siamini." Hahitaji kutoa sababu. Mwenye dai analazimika kuthibitisha zaidi, hata kama ni mara kumi, hadi neno hilo lisisikike tena. Kimya kikitimia, dai limepita na linakuwa la kundi zima. Hakuna anayeruhusiwa baadaye kusema lilikuwa la fulani. Na mtu ambaye dai linamhusu yeye mwenyewe hana haki ya kulisemea, kwa sababu hakuna anayepima mizani yake mwenyewe. Neno lenyewe alilileta Daktari, lilimtoka siku moja kwa hasira, likabaki. Vikao vilikuwa kwa Kiingereza, lakini neno hilo lilikuwa Kiswahili, na kwangu ilikuwa fahari ya siri kuwasikia Waganda watatu wakilitumia kama kisu.

Niliipenda desturi ile kuliko nilivyopenda watu waliokuwa nayo. Mtu asiye na shahada anapata wapi tena chumba ambamo neno lake moja linaweza kumsimamisha profesa? Mimi nilimsimamisha mara kadhaa. Akageuka ubaoni akaanza upya, bila kununa.

Sasa ile namba. Kompyuta haikutoa tatu kamili hata mwanzoni. Ilitoa mbili nukta tisa tisa na kitu, kwa sababu ya makosa madogo ya kawaida. Profesa hakupenda.

"Hakuna msokoto wenye desimali," alisema. "Tukichapisha mchoro wenye desimali hapa, watasema watu wa Kampala hawajui topolojia. Kadirieni hadi namba nzima."

Akaandika ubaoni: idadi ya misokoto itaonyeshwa kama namba nzima iliyo karibu. Tukaisoma. Hakuna aliyesema Siamini. Nikaingiza amri hiyo kwenye programu jioni ileile.

Ni kosa linalohitaji elimu kulifanya. Lazima kwanza uwe na hakika kabisa kwamba namba ni nzima, hadi uone aibu kuiangalia ikiwa vinginevyo. Kiwandani nisingekubali mizani inayojikadiria yenyewe. Chuoni nilikubali, kwa sababu kule nilikuwa fundi na huku nilitaka kuwa mwanahisabati.

Tangu hapo, mbili nukta sita ikawa tatu. Na kwa kuwa mashine yetu ilichemka upesi na umeme haukuaminika, tulisimamisha kila hesabu karibu mahali pale pale, kabla namba haijashuka chini ya mbili na nusu. Mafiga yakaonekana yamesimama. Makala ikawekwa hadharani mtandaoni, majina matano kwa mpangilio wa alfabeti kama ilivyo kawaida ya wanahisabati, langu likiwa la pili, mbele ya la Profesa. Niliichapa kwenye karatasi. Sikumwonyesha mtu. Niliiweka tu mahali ambapo ningeiona nikivaa viatu.

Majina yale yalikuwa na kazi moja muhimu kwangu. Chuo kina mlango mwembamba wa kumwingiza mtu kwenye shahada ya uzamili bila kuwa na ya kwanza, kama ana utafiti uliotambuliwa, pamoja na profesa wa kumwandikia pendekezo. Nilikuwa nimeomba. Kamati ilikuwa ikae baada ya wiki mbili. Nina umri ambao mlango wa namna hiyo haufunguliwi mara mbili.

Basi, Alhamisi ile. Nilimwambia Daktari tusimwambie mtu hadi tuhakikishe. Tulibana matundu ya chekecheo yawe madogo zaidi, tukaiacha mashine ifanye kazi mwisho wa juma, feni ya mezani ikiipulizia mgongoni. Jumatatu tuliwaita wote. Kwenye kioo donge moja lilisinyaa, likachomoka kama ncha ya sindano, likapotea. Mafiga yakabaki mawili, nayo yakaanza kuachana.

"Labda bado matundu ni makubwa," alisema yule kijana mrefu.

"Tumeyabana mara tatu," nikasema. "Yanasinyaa kila mara. Matundu yanaamua saa ya kufa tu, hayaamui kufa."

Profesa alisimama akitazama kioo, mikono mfukoni. Nitamtendea haki: hakubisha. Alisema tu, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo, kisha, "Hatuna mafiga."

"Tuko nayo mawili," alisema Daktari, na binti yule akacheka kwa woga, akajiziba mdomo.

Kuiondoa makala kulikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa wafadhili. Ripoti ya mwaka wa kwanza ilikuwa imewaahidi mafiga, na awamu ya pili ya fedha ilikuwa haijatumwa. Waliandika wakitaka maelezo: kosa lilitokeaje, na limezibwaje. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zilipe posho za wanafunzi wote wawili na mkataba wa Daktari. Jambo hilo silikanushi. Nilikuwa nalijua nilipoitwa kwenye kikao cha Jumatano.

Nilipofika chai ilikuwa imeshamiminwa na hakuna aliyekuwa akinywa. Profesa hakuniita Afande.

"Ssebo, keti," akasema, yaani bwana, kama kwa mgeni. Kisha akawaambia wote, "Watu hawa hawaelewi topolojia. Wanaelewa udhibiti. Tukiwaambia kundi zima lilikubali jambo kwa kunyamaza, watatuona watoto na watafunga mfuko. Tukiwaambia kosa ni la kiufundi, limeonekana, limezibwa, wataelewa. Kwa hiyo nitaandika sentensi."

Akageuka ubaoni. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo: kosa lilitokana na amri iliyoingizwa kwenye programu, bila maelekezo, na msaidizi wa kiufundi asiye na mafunzo rasmi ya hisabati, ambaye hayumo tena katika mradi.

Akaweka chaki. Akaketi. Tukakaa kimya tukiisoma, kama desturi ilivyotaka.

Sikuamini kwamba angetumia ubao. Angeniita ofisini, angenifokea, angeniomba, ningejua la kufanya. Lakini aliiweka mahali ambapo nilikuwa nimejifunza kutii. Dai lilinihusu; sikuwa na haki ya kulisemea. Walikuwepo watatu wenye haki hiyo, na kila mmoja alikuwepo siku amri ya kukadiria ilipoandikwa kwenye ubao huohuo. Neno moja tu lingetosha. Halikuhitaji hata sababu.

Kijana mrefu alikuwa anatazama simu ambayo ilikuwa imezimwa. Binti alikuwa akiinakili sentensi kwenye daftari, neno kwa neno, kama anavyonakili tangazo la nadharia. Nilimtazama Daktari. Yeye ndiye aliyelileta neno lile Kampala. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yake yako dirishani.

Desturi ilimruhusu anayehusika kuuliza swali la ufafanuzi. Nikauliza.

"Maneno 'bila maelekezo' ni sehemu ya dai, au ni mapambo?"

"Afande," Profesa akasema, "usianze."

"Nauliza tu. Kama ni sehemu ya dai, linahitaji uthibitisho."

Akainuka, akafuta maneno hayo mawili kwa kiganja, si kwa kifutio. Ubaoni pakabaki doa jeupe. Akaketi.

"Kuna asiyeamini?" akauliza.

Nje mtu alikuwa anakata majani kwa mashine. Ilizimika, ikawashwa tena. Nilisikia binti akigeuza ukurasa.

"Basi limepita," alisema Profesa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mshindi. Hilo nalo nimeshindwa kumsamehe. Ningependelea angalau afurahie.

Daktari alinifuata hadi nje ya jengo. Yeye alikuwa akikaa Katwe, kwenye vyumba vya nyuma ya karakana za mabati, na mara nyingi tuliteremka pamoja hadi mahali njia zinapogawanyika, tukibishana kuhusu milinganyo huku kelele za nyundo zikitujia kutoka bondeni. Siku ile alitembea hatua moja nyuma yangu.

"Papa. Nilitaka kusema. Kinywa kilikataa."

"Kuhusu namba hakikukataa."

"Namba haiombi kibali cha kukaa. Mimi niko naomba. Mwezi wa sita kinaisha. Watoto wako masomoni." Akaniwahi, akasimama mbele yangu. "Ungekuwa mimi ungesema?"

Nililifikiria swali hilo kwa uaminifu, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuyafikiria maswali yake.

"Sijui," nikamwambia. "Lakini hatukuwa tunajadili ningefanya nini mimi. Tulikuwa tunajadili sentensi kama ni kweli."

"Ilikuwa uongo."

"Sasa umesema."

"Papa, usinifanyie hivyo."

"Ulipaswa kulisema neno moja, Mama. Moja. Hata sababu hukudaiwa."

Alilia, pale barabarani, watu wakipita na mizigo. Mimi sikumfariji. Sikuwa na hasira naye kubwa kuliko niliyokuwa nayo kwa wengine. Ni kwamba kwake nilikuwa nimeweka matumaini, na kwa wengine sikuwa nimeweka. Tuliagana kwa mkono, kama watu waliokutana mara ya kwanza.

Nilikwenda kwa katibu wa kamati kabla ya siku ya kikao, nikiwa nimevaa koti. Alikuwa mama mpole. Alifungua faili langu akalifunga.

"Hapa hakuna pendekezo, ssebo. Profesa ameliondoa."

"Utafiti upo."

"Upi? Makala imeondolewa." Akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba. "Na tumeletewa nakala ya maelezo. Wanasema wewe ndiye... Mimi sielewi mambo ya hisabati. Jaribu mwaka mwingine."

Nilimshukuru. Niliporudi nyumbani niliikunja ile makala ya majina matano nikaitia kwenye jiko pamoja na mkaa wa jioni, si kwa hasira, bali kwa sababu ilikuwa karatasi ya makala isiyokuwepo tena.

Makala mpya ilitoka baada ya miezi michache. Inaeleza kwa nini mafiga hayawezi kusimama, na kwa kweli ni makala bora kuliko ile ya kwanza. Hoja yake kuu ni ile niliyoisema siku ile mbele ya kioo, kwamba matundu huamua saa tu. Ina majina manne. Niliisoma yote nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta kosa. Ningelipata ningefanya nini, sijui. Sikulipata.

Nilirudi zamu ya mchana kiwandani. Zamu hiyo nilikuwa nimeiacha kwa ajili ya semina, na msimamizi hakuniuliza kitu, alinionyesha tu foleni ya mizani zilizonisubiri. Hisabati sijaiacha. Nafanya mazoezi yangu mezani baada ya chakula, sura kwa sura. Nikifika mahali pa kuuliza swali, sina wa kumwuliza, kwa hiyo nalizunguka swali siku nyingi, na wakati mwingine linakubali. Wakati mwingine naandika sentensi kamili juu ya ukurasa mtupu na kusubiri. Kukaa kimya peke yako hakuthibitishi kitu.

Aliyenipa habari ya mwisho alikuwa yule kijana mrefu. Alinipigia simu mchana, nikiwa nimeinama chini ya mizani ya malighafi. Hakuwa amenipigia tangu kikao kile, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, ya mtu asiyejua anampigia nani.

"Mzee! Tumepona! Wafadhili wamekubali maelezo!"

"Nani amepona?"

"Sisi. Kundi." Akasita. Nilisikia sauti za wengine nyuma yake, na kijiko kikigonga glasi. "Profesa amesema nikuambie webale nnyo, asante sana. Amesema bila wewe isingewezekana."

"Hilo ameliandika ubaoni?"

Hakucheka. Labda hakuelewa, labda alielewa. Nikamwuliza wameokoa kiasi gani, kwa sababu ni kawaida yangu kutoondoka kwenye kipimo bila kusoma kilichoandikwa, akanitajia bila kukadiria: dola elfu ishirini na saba, mia nne na kumi na sita.